Fundi katufungia programu ya ripoti: kila kitu "imetumwa", hakuna kinachofika

Wakuu, habari za jioni. Naandika nikiwa na hasira, nitakayemkwaza anisamehe. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu.

Nipo Tanga mjini, nashika hesabu na stoo kwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Ngamiani. Tuna matawi Muheza na Korogwe. Bosi alichoka kunipigia kila asubuhi kuuliza saruji imebaki mifuko mingapi, akaleta fundi atufungie programu ya kuuliza databesi, yaani hifadhi ya kumbukumbu za duka: unaandika kwiri (swali la kuiuliza databesi) mara moja, unaipangia saa, yenyewe inachota majibu na kuyapeleka. Orodha ya madeni iende kwa bosi kwa barua pepe, bidhaa zinazokaribia kuisha ziende kwenye grupu letu la Telegram, madereva na wasimamizi wa matawi wapate meseji ya kawaida, maana njiani bando haliaminiki. Wazo zuri, silikatai. Hela ikatoka yote, taslimu, jamaa hajafunga hata kompyuta yake. Tanga yetu wanasema waja leo waondoka leo. Huyu alikuja leo, akaondoka leo na hela yetu.

Siku ya majaribio kila kitu kilipita. Nimekuja kujua baadaye kwamba alijaribia namba yake na barua pepe yake. Za kwetu hakuzigusa.

Kituko cha kwanza ni saa. Bosi alimwambia ripoti itoke saa moja asubuhi. Yeye akaandika 01:00. Na seva yenyewe, kompyuta inayoendesha programu, kaiacha kwenye saa za UTC, ile saa ya kimataifa, wakati sisi tuko mbele kwa saa 3. Piga hesabu: meseji zinatoka saa kumi alfajiri. Dereva wetu mmoja, mtu mzima, akanipigia gizani sauti inatetemeka, "Mwanangu, kuna msiba?" Nikamwambia hapana baba, ni nondo za milimita 12 zimepungua. Akanyamaza kidogo, akakata simu. Hadi leo salamu yake kwangu ni ya mkato.

Hilo nilirekebisha mwenyewe. Likaja la salio la meseji. Tuliambiwa limenunuliwa la miezi 3, likaisha ndani ya mwezi. Nampigia fundi, ananijibu "dada, labda mnatuma sana". Tunatuma sana? Watu walewale 9, meseji moja kwa siku! Nikakaa na kuhesabu herufi kwa kidole kwenye skrini mpaka macho yakauma. Meseji ya kawaida inabeba herufi 160. Ukichomeka humo alama moja tu isiyomo kwenye jedwali la herufi za simu, meseji nzima inahamia mfumo mwingine na nafasi inashuka hadi 70, na ikikatwa vipande kila kipande kinabeba 67 tu. Sasa sisi tunauza mabomba. Kwenye databesi yameandikwa Bomba 1/2” na Bomba 3/4”, na hiyo alama ya inchi ni ile iliyopinda, ilikuja na orodha ya bidhaa tuliyoihamisha kutoka Word. Iliyonyooka isingekuwa na neno. Meseji ya herufi 150 iliyotakiwa kulipiwa moja ikawa inalipiwa tatu, kwa ajili ya kialama! Nimeongeza amri kwenye kwiri inayokibadili kuwa neno "inchi", basi. Kazi ya dakika tano, kwa mtu aliyelipwa kuijua.

Na katika hao 9, wanne hawakuwa wanapata kitu. Namba zao alizipakia kutoka Excel, sifuri ya mbele ikamezwa, na 255 hakuweka. Ila kwenye ubao wa programu wote wana rangi ya kijani: imetumwa. Kumbe kijani hicho maana yake programu imekabidhi meseji kwa kampuni inayosambaza, si kwamba imefika kwenye simu ya mtu. Ripoti ya kufika inawashwa pembeni, na yeye hakuiwasha.

Sasa lililonileta humu ni barua pepe.

Tangu 2022 Google hairuhusu programu za namna hii kuingia Gmail kwa nywila ya kawaida. Unawasha uthibitishaji wa hatua mbili, unatengenezewa nywila ya programu yenye herufi 16, hiyo ndiyo unayoiweka. Fundi analijua hilo, sibishi. Ila aliitengeneza kwenye akaunti yake binafsi! Duka lina anwani yake, hakuiomba. Wiki kadhaa zilizopita akabadili nywila ya Gmail yake kwa mambo yake, na ukibadili, Google inafuta nywila za programu zote. Barua za bosi zikakatika siku 11. Mimi ubaoni naona kijani, "imekamilika", kwa sababu kwiri kweli ilikuwa inakamilika. Taarifa ya hitilafu je? Aliipanga itumwe kwa barua pepe. Kupitia akaunti ileile iliyofungiwa!

Katika siku hizo mteja mwenye deni la zamani akachukua mabati kwa mkopo mwingine, na aliyesemwa mbele ya wapagazi ni mimi. Najitetea kwa bosi kwamba poti 587, yaani namba ya mlango ambao barua pepe zinapitia kutoka kwenye programu, iko sawa, tatizo ni nywila, ananiuliza bandarini kumetokea nini tena.

Telegram nayo ilikufa siku nilipofungua historia ya mazungumzo ili mfanyakazi mpya asome ya nyuma. Grupu likapandishwa daraja, namba yake ya utambulisho ikabadilika, boti, yaani akaunti ya programu inayotuma ujumbe humo, ikabaki inagonga mlango wa nyumba iliyohamwa. Hilo nililimaliza kwa kuweka namba mpya.

Jana nimempigia fundi. "Dada, mbona huku kwangu inaonyesha imetumwa?" Huku kwako! Ndipo nikashtuka. Kila barua iliyopita kwenye Gmail yake imebaki humo, kwenye zilizotumwa: majina ya wateja wetu, namba zao za simu, nani anadaiwa shilingi ngapi. Miezi yote. Nikamwambia azifute mbele yangu, kwamba kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Akacheka, akasema kuja dukani ni "hela ya matengenezo", nauli juu yetu.

Nimeshahamishia kila kitu kwenye anwani ya duka, na leo bosi amepata orodha yake saa moja kamili, saa moja yetu. Swali langu kwa mliowahi kupambana na watu wa namna hii: zile barua zilizobaki kwake nazidai vipi, kwa barua ya duka au niende moja kwa moja kwa mwanasheria?