Naomba ushauri: pikapu mpya inatetemeka ikiwa sailensa

Habarini wakuu, naombeni msaada. Nina pikapu mpya ya petroli, bado ina waranti, shida ikiwa sailensa (yaani injini inanguruma tu, hujakanyaga mafuta) inatetemeka mpaka unausikia usukani mkononi, mshale wa RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) unapanda unashuka kati ya 600 na 900, ukikanyaga mafuta kidogo tu inatulia kabisa. Ikiwa ya baridi nafuu, ikishapata moto halafu uwashe AC ndo balaa. Taa ya injini haijawaka. Fundi mmoja anasema plagi, mwingine anasema kuna mpira unavuta hewa baada ya throto (mlango wa kuingizia hewa kwenye injini), mi naona huyu wa pili ana hoja maana ukiongeza mafuta tatizo linapotea. Sasa nisafishe throto mwenyewe au waranti itakufa? Na mauntingi za injini (zile raba zinazoishikilia) je, zinaweza kuwa zimekufa kwenye gari mpya hivi?