Msimu wa kwanza wa elki Colorado, nimerudi bila kitu, naombeni mnisaidie nielewe nilikosea wapi

mgeni_wa_milima:
Wakuu habari zenu. Nina wiki mbili tangu nirudi na kila nikilala nawaza kitu hichohicho. Mwezi wa tisa nilienda kuwinda elki (mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu) kwa upinde Colorado huko Marekani, milima ya San Juan, siku sita, mara yangu ya kwanza kabisa. Kozi ya uwindaji nimefanya, leseni nilipata, shabaha nimeanza mazoezi tangu mwezi wa nne kwa hiyo kulenga naweza, shida ni kwamba siku zote sita sikupata hata nafasi ya kuuvuta upinde.

Siku ya tatu ndiyo inayoniuma. Saa kumi na mbili asubuhi nikasikia dume anapiga ule mlio wao kama filimbi, yuko juu yangu kwenye mteremko, ana majike kadhaa. Nikapima upepo kwa kichupa cha poda, poda ikateremka kuelekea bondeni, yaani harufu yangu inaenda mbali nae, nikasema hapa safi. Nikaanza kupanda polepole. Akilia na mimi nalia kwa filimbi yangu, ananijibu, ila kila nikisogea naona sauti yake nayo inazidi kupanda. Kwenye saa tatu hivi jua limeshaupiga mteremko wote nikawa nimefika kama yadi 80, naona mpaka miguu ya majike katikati ya miti. Jike mmoja akabweka mara moja tu, kundi zima likaondoka. Sijakanyaga hata kijiti kikavu, nina uhakika. Nini kiliwashtua?

upinde_tangu_zamani:
Pole sana mdogo wangu, umefika yadi 80 msimu wa kwanza, wengi hawafiki hapo. Swali moja tu, baada ya ile saa kumi na mbili ulipima tena upepo saa ngapi?

mgeni_wa_milima:
Sikupima tena kaka.

upinde_tangu_zamani:
Basi ndo hapo. Mlimani usiku na alfajiri hewa inakuwa baridi na nzito, inateremka bondeni, ndo maana poda yako ilishuka. Jua likishaupasha mteremko hewa inapata joto inaanza kupanda, na hiyo saa tatu wewe uko chini wao wako juu, harufu yako yote imewafikia kabla yako. Elki akiona kitu hakielewi anaweza kusimama akutazame hata dakika kadhaa, akisikia mlio anaweza kudhani ni mwenzake, lakini pua ikishamwambia binadamu hana mjadala, na jike mzee ndo anaeongoza kundi kuondoka sio dume.

Mimi hicho kichupa nakibonyeza kila baada ya dakika chache na nikivuka kila kijito au kona ya mlima. Ile asubuhi ungewaacha waende wakalale (mchana wanapenda misitu ya miti ya giza upande wa kaskazini ambao hauna jua kali), wewe ukazunguka mbali ukatokea juu yao ukawashukia hewa ikiwa inapanda. Ni kutembea kwingi tena uko futi elfu kumi kifua kinabana, najua, lakini hakuna njia ya mkato. Jioni inageuka tena, hewa ikianza kupoa inashuka, sasa usiwe juu.

Halafu ile filimbi. Dume mwenye majike ukimpigia mlio wa dume mwenzake ukiwa mbali yeye kazi yake ni kuwakusanya wake zake awahamishe, ndo maana sauti ilikuwa inapanda. Nyamaza, sogea kimya mpaka uko karibu sana, ndo ulie. Au tumia sauti ya jike, na hiyo mara mojamoja.

Mama_Pembe:
Nakubaliana na kaka hapo juu kwa upepo, mimi naongeza kitu ambacho hujaulizia ila mwakani kitakukuta, maana mimi kilinikuta na sitasahau. Msimu wangu wa pili nilimpiga dume yadi 35, mshale ukaingia nyuma kidogo ya nilipolenga. Nikasubiri dakika ishirini tu, mikono inatetemeka, nikaona damu nikaanza kufuata. Alikuwa amelala kama yadi 150 mbele, akaniona akainuka akaenda. Nilitafuta siku mbili nzima natambaa kwa magoti na sikumpata. Nililia kabisa, mnyama mkubwa vile ameteseka kwa sababu sikuwa na subira.

Kwa hiyo ukishaachia mshale kaa chini, angalia alipopita mara ya mwisho ushike alama ya mti, kisha nenda pole kautafute mshale wenyewe. Damu nyekundu ya kung'aa ina mapovu ni mapafu, nusu saa inatosha. Damu nyeusinyeusi ni ini, mpe masaa manne au zaidi. Ukiona uchafu wa kijani na harufu ya tumbo ondoka kimyakimya, rudi baada ya masaa nane mpaka kumi na mbili. Ukimuacha alale atafia palepale, ukimuinua umempoteza. Na sheria ya Colorado inakudai umtafute uliyemjeruhi kwa bidii, sio hiari.

mgeni_wa_milima:
Dada asante sana kwa kusema hilo waziwazi. Kaka na wewe asante, kumbe siku nzima nilikuwa natembea huku harufu imenitangulia. Mwakani naenda tena na rafiki yangu. Tukifanikiwa nyama tunaiokoaje? Kambi ilikuwa maili tatu kutoka gari na mchana kulikuwa na joto kweli.

upinde_tangu_zamani:
Mkiwa wawili vizuri, anaelia akae nyuma yako yadi 50 hivi, dume huwa anasimama mbali kidogo kutafuta kwa macho huyo anaemuita, sasa akisimama anakuwa mbele yako.

Nyama, adui ni joto la mwili wake mwenyewe. Ngozi ya elki ni nene inafunika joto kama blanketi, chuneni hapohapo hata kama ni usiku na mmechoka, mapaja ndo yanaanza kuoza ndani karibu na mfupa kwa hiyo yatoeni, tieni kwenye mifuko ya kitambaa inayopitisha hewa, ningʼinizeni kivulini karibu na kijito. Msitumie plastiki. Dume mkubwa anaweza kutoa kilo 90 au zaidi za nyama bila mifupa, hiyo ni safari tatu nne za kubeba mgongoni kwa watu wawili, kwa hiyo kabla hujavuta upinde jiulize kama mtaweza kuitoa hapo ulipo. Mimi nimeshaacha kumpiga dume mzuri bondeni kwa sababu hiyo.

Mama_Pembe:
Na ushahidi wa jinsia (kiungo kinachoonyesha ni dume au jike) msiukate, Colorado wanataka ubaki umeshikamana na nyama yenyewe mkiwa mnaisafirisha.