Kidole kimevimba chote kama soseji, dawa za maumivu zimegoma. Nifanyeje?

FundiCherehani: Habari za humu ndani wakuu. Nina soriasisi ya ngozi (ule ugonjwa wa mabaka yenye magamba) miaka mingi, na sasa nimeambiwa imeingia kwenye viungo. Kidole cha kati cha mkono wa kulia kimevimba chote, kuanzia shinani hadi kwenye ukucha. Asubuhi hakikunjiki, mkasi siushiki. Nameza diklofenaki, maumivu yanapungua lakini uvimbe uko palepale. Aliyepitia hili alifanyaje? Mikono ndiyo kazi yangu.

BabuJongo: Pole sana. Hiyo gauti, ugonjwa wa viungo unaoletwa na asidi ya yuriki kuzidi kwenye damu. Acha nyama nyekundu, kunywa maji mengi.

KobeMpole: Babu, taratibu. Gauti mara nyingi hushika kiungo kimoja ghafla. Hapa zimewaka ala za kano (mifuko inayozunguka kano) pamoja na viungo, ndiyo maana kidole kimejaa chote. Kupima asidi ya yuriki si vibaya lakini, maana kwa wenye soriasisi huweza kupanda.

Fundi, dawa ya maumivu inatuliza tu. Mimi nilichomwa sindano ya steroidi (dawa ya kushusha uvimbe) kwenye ala ya kano, daktari akiangalia kwa ultrasaundi, kikanywea. Uvimbe uliporudi nikaanzishwa methotreksati, dawa ya kutuliza kinga ya mwili. Inamezwa mara moja kwa WIKI, narudia, kwa wiki! Kuna watu wamekufa kwa kuimeza kila siku. Unapewa na asidi ya foliki, unapimwa damu na ini, na pombe unaiweka kando. Usitegemee matokeo kesho, ni suala la miezi.

NesiMstaafu: Naongezea. Prednisoloni (steroidi ya vidonge) ya kuazima kwa jirani usiiguse, ukiikatisha soriasisi ya ngozi inaweza kulipuka vibaya. Kama una vidonda vya tumbo, figo au presha, hata hiyo diklofenaki mwambie daktari. Methotreksati na ujauzito haviendi pamoja.

Methotreksati ikishindikana kuna sindano za kuzuia TNF kama adalimumabu, au za kuzuia IL-17 kama sekukinumabu; TNF na IL-17 ni protini za mwili zinazochochea uvimbe. Kabla ya hizo utapimwa kifua kikuu na homa ya ini. Usikubali kuambiwa "vumilia": kidole cha namna hii kiko kwenye hatari kubwa zaidi ya mfupa kulika. Ila kikiwa chekundu, cha moto, na una homa, nenda hospitali leo leo, huenda ni usaha.

FundiCherehani: Asanteni mno. Homa sina. Ila pete imebana kwenye kidole hichohicho. Na je, nikifunge kijiti kisicheze?

NesiMstaafu: Pete itoke sasa hivi! Inua mkono juu kidogo, paka sabuni, izungushe taratibu. Ikigoma ikakatwe, usiivute kwa nguvu. Kijiti usikifunge kutwa, kidole kitakakamaa. Barafu ndani ya kitambaa dakika kumi, kisha kikunje na kukinyoosha polepole. Vishikio vya mkasi vizungushie kitambaa viwe vinene.

KobeMpole: Na omba eksirei ya mikono yote miwili mapema, ili baadaye wawe na cha kulinganishia.