Naenda Berlin na mama, goti lake bovu: tuchukue ziara gani ya kutembea?

MtotoWaMahenge (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Mwezi wa kumi nina semina ya kazi Berlin, siku nne, na safari hii nimeamua kwenda na mama. Visa zimetoka, tiketi nimeshakata. Semina inaisha Ijumaa, tunabaki na Jumamosi na Jumapili, Jumatatu jioni tunapanda ndege.

Mama ana miaka 68, mtu wa Songea, na nje ya nchi ameenda mara moja tu, Msumbiji, kwenye msiba. Nilidhani atasema nimpeleke madukani. Nilipomuuliza angependa kuona nini akanijibu, "Nataka nione hao watu walikuwa wanakaa wapi." Mliotokea kwetu mnaelewa. Kila tarehe 27 Februari pale Mahenge, Songea mjini, watu wanakusanyika kuwakumbuka mashujaa walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906, na mama hakosi hata goti likiwa limevimba.

Sasa hilo goti ndiyo shida. Nimeona mtandaoni ziara za kutembea kwa miguu na muongozaji, masaa matatu, nyingine zimeandikwa "bure". Je, ni bure kweli? Atayaweza masaa matatu? Na yeye Kiingereza hajui. Mliowahi kufika naombeni ushauri.

Kigogo_Mpole

Dada, bure haipo. Hizo ziara hulipi kiingilio, lakini mwisho unampa muongozaji bakshishi. Wengi wanatoa kati ya yuro 10 na 15 kwa kichwa. Na kuna kitu watu hawakijui: kampuni nyingi za aina hiyo zinamtoza muongozaji kiasi fulani kwa kila mtu aliyehudhuria. Ile picha ya pamoja mnayopigwa mwanzoni huku mnachekacheka, ndiyo hesabu yenyewe. Kwa hiyo ukiondoka kimyakimya kabla ya mwisho, yule kijana umemwacha na deni.

Simaanishi ni mbaya. Wale jamaa wanajua kuongea, maana njaa ndiyo inawafundisha. Ila usiende na noti ya 50 peke yake ukadhani utapewa chenji mbele ya watu thelathini.

Dalali_Mkuu

Yaani mtu anatoka Songea mpaka Ulaya kwenda kusoma vibao vya mitaa? Mpeleke mama akanunue koti na sufuria nzuri arudi. Historia tulishafanyia mtihani darasa la saba.

Wanjiku_Mtembezi

Dalali, wacha maneno. Mama mwenyewe amesema anachotaka.

Mleta mada, mimi niko Nairobi na nilifanya ile ziara ya katikati ya mji mwaka juzi. Nikwambie ukweli, kinachoua goti si kutembea. Umbali wenyewe ni mdogo: mnaanzia Lango la Brandenburg, mnapita kwenye ukumbusho wa Wayahudi waliouawa, zile nguzo za zege 2,711, halafu lile eneo la kuegesha magari ambalo chini yake ndipo palikuwa na handaki la Hitler, kisha kipande cha Ukuta wa Berlin, Checkpoint Charlie iliyokuwa kituo cha mpakani, mnamalizia Bebelplatz mahali Wanazi walipochoma vitabu mwaka 1933. Shida ni kusimama. Kila kituo dakika kumi, kumi na tano, mmesimama juu ya mawe, upepo unapiga, na hakuna benchi. Nilikuwa na miaka 34 na mgongo ulilia.

Nunua kigoda cha kukunja, kile cha wavuvi. Kinaingia kwenye mkoba. Mwambie muongozaji mapema kwamba uko na mzazi, atawasimamisha karibu na ukuta.

Kitu kingine. Mkutano wa kuigawa Afrika, ule wa Novemba 1884 hadi Februari 1885, ulifanyika Wilhelmstraße, nyumbani kwa Bismarck. Jengo halipo tena. Siku hizi pale ni maghorofa ya kawaida ya enzi za Ujerumani Mashariki, watu wameanika maua kwenye roshani, na kuna kibao cha kumbukumbu kando ya njia. Sisi tulikuwa umbali wa dakika chache kutoka hapo, na muongozaji wetu hakupataja. Alitumia robo saa nzima kusimulia handaki. Nilipomuuliza akasema, "Ah yes, it's around there," akanyosha mkono huku anatembea. Kwa hiyo mama yako akichukua ile ziara ya kawaida, anachokitafuta atakipita kando bila kuambiwa.

Mzenji wa Wedding

Dada, nakuamkia, na bibi mkubwa shikamoo yake.

Mimi mtu wa Unguja, nakaa Berlin mwaka wa kumi na moja. Ziara ya katikati iacheni. Hilo Lango mtaliona wenyewe, halihitaji mtu wa kukuonyesha. Njooni huku kwetu Wedding, kitongoji cha Berlin, kwenye kile wanachokiita Mtaa wa Kiafrika. Ziko ziara za huko, zinaongozwa na Waafrika na Wajerumani weusi, vikundi vidogo, na unaweka nafasi kabla. Hizi unalipia, na ni halali yao.

Mitaa ile ilianza kupewa majina ya makoloni mwaka 1899, Wajerumani wakijisifia mali. Kuna Togostraße, Kameruner Straße, Tangastraße, Usambarastraße. Mimi kila siku napita Sansibarstraße kwenda kununua mkate: hakuna bahari, hakuna karafuu, kuna magari yameegeshwa na bibi mmoja na mbwa wake.

Lakini habari khasa ni ya Petersallee. Carl Peters mnamjua, yule aliyezunguka Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami mwaka 1884 akiwasainisha machifu karatasi wasizoweza kuzisoma. Watu wa bara walimpa jina la Mkono wa Damu. Mtaa ulikuwa wake. Watu walipolalamika, mwaka 1986 wakubwa wa hapa wakafanya ujanja: kibao kikabaki vilevile, wakasema tu kwamba kuanzia leo "Peters" ni Peters mwingine, Hans Peters, mwanasheria aliyewapinga Wanazi. Wallahi sitanii. Jina lilelile, kibao kilekile, mwenyewe kabadilishwa!

Imechukua miaka mingi ya kesi na mabishano ya wakaazi. Agosti 2024 ndipo mtaa ukagawanywa, nusu ukaitwa Anna-Mungunda-Allee, kwa heshima ya mama wa Kiherero wa Namibia, na nusu ya pili ukaitwa Maji-Maji-Allee.

Umesoma vizuri. Maji Maji. Mpeleke bi mkubwa pale.

Njia: mnapanda treni ya chini ya ardhi, U6, pale Friedrichstraße, mnashuka Rehberge au Afrikanische Straße, hata dakika ishirini hazifiki. Na katika laini hiyohiyo kuna kituo kinaitwa Naturkundemuseum, cha makumbusho ya viumbe. Shukeni pale mkamwone mjusi mkubwa (dinosaria) wa Tendaguru, yule aliyechimbwa Lindi kati ya 1909 na 1913. Kimo chake mita 13 na zaidi, amesimama ukumbini kama nguzo ya umeme. Humo ndani mna pa kukaa. Ila Jumatatu wanafunga, msije mkapanga siku hiyo.

MtotoWaMahenge

Mzenji, nimesoma hiyo sehemu ya Maji Maji kwa sauti, mama ameacha kuchambua mchele. Tumeamua Wedding Jumamosi, mjusi Jumapili. Suala la lugha je?

Kigogo_Mpole

Kikundi kidogo kinaruhusu wewe kumtafsiria pembeni. Waandikie kabla, waeleze mama ni nani na anatoka wapi. Wakijua wana mgeni wa Songea kwenye ziara yao, wataenda polepole wenyewe.

Mengine ya haraka haraka: uwanja wa ndege uko kanda C, kwa hiyo tiketi ya treni iwe ya ABC. Tiketi ya karatasi lazima uigonge kwenye kile kimashine kabla ya kupanda. Mimi niliiweka mfukoni safi kabisa, nikalipa faini yuro 60 kwa uzembe wangu. Njia ya baiskeli inapita juu kwa juu kwenye njia ya waenda kwa miguu, imetofautishwa na matofali mekundu. Mama asisimame hapo kupiga picha, wale hawana breki wala salamu. Na Jumapili maduka yamefungwa, Dalali pole.

Dalali_Mkuu

Jumapili yote?? Nchi gani hiyo.

Mwalimu Mstaafu

Wanangu, nimefuatilia mada hii kwa furaha. Naongeza moja tu, na haihitaji muongozaji.

Kuna mtoto wa Dar es Salaam aliyezaliwa mwaka 1904, Mohamed Husen. Alikuwa askari akiwa bado mtoto, katika vita vya kwanza. Mwaka 1929 akaenda Berlin kudai mshahara wake na wa baba yake. Hakulipwa. Akabaki huko, akafanya kazi ya uhudumu, akaigiza kwenye filamu, na akawafundisha Wajerumani Kiswahili, kazi aliyowahi kuifanya mjini humo Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo kuanzia mwaka 1900. Wanazi walimkamata mwaka 1941 kwa kuwa na uhusiano na mwanamke mzungu, akafia kambi ya Sachsenhausen Novemba 1944.

Mbele ya nyumba namba 193, Brunnenstraße, karibu na kituo cha Rosenthaler Platz, kuna kijiwe cha shaba chenye jina lake, ukubwa wa kiganja, kimepachikwa chini njiani. Mkipita na kitambaa, kifuteni kidogo.

MtotoWaMahenge

Wakuu, tumerudi. Nawapa mrejesho kama nilivyoahidi.

Wedding tulikuwa watu tisa. Muongozaji alikuwa dada mmoja, mama yake Mjerumani na baba yake Mkameruni. Nilikuwa nimemwandikia, kwa hiyo tulipofika alimshika mama mikono yote miwili. Kigoda kilifanya kazi. Kila tukisimama, mama anakifungua, anakaa, wengine tunamzunguka kama kikao cha ukoo na yeye ndiye mwenyekiti. Wajerumani wawili wakaanza kumwuliza maswali yeye badala ya muongozaji, nami natafsiri mpaka koo likakauka.

Tulipofika kwenye kibao, mama alitoa miwani, akasoma taratibu: "Ma-ji... Ma-ji... A-lee." Akanigeukia. "Alee nani?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nilipomtafsiria muongozaji, naye akacheka. Kisha mama akaniambia nimuulize swali moja: waliokaa kwenye nyumba hizi wanajua? Dada yule akasema wapo wanaojua, na wapo waliokasirika kwa sababu ya usumbufu wa kubadilisha anuani kwenye vitambulisho. Mama akaitikia kwa kichwa, akasema hiyo anaielewa, hata kwetu ukibadilisha jina kwenye kitambulisho unahangaika. Halafu akakaa kimya muda mrefu. Mtaa wenyewe ni wa kawaida, miti, nyumba za ghorofa, mtoto anaendesha baiskeli. Akaomba nimpige picha, lakini yeye aonekane mkono tu, ameugusa ule mlingoti.

Jumapili asubuhi Rosenthaler Platz. Mwalimu, tulikifuta. Mama alitumia ncha ya khanga yake na mate kidogo, nikaona aibu, lakini kiling'aa.

Mjusi alimwangalia kuanzia miguuni mpaka kule juu kichwani, akasema, "Huyu ni jirani yetu wa Lindi. Angalau wamemlisha, amenenepa." Ni mifupa mitupu.

Wilhelmstraße goti lilikataa, hatukufika.

Mzenji wa Wedding

Mwambie bi mkubwa "Allee" ni njia pana yenye miti huku na huku.

MtotoWaMahenge

Nimemwambia. Anasema sawa, ila yeye Songea ameshawaambia wenzake kanisani kwamba Wajerumani wameagizwa walee. Na kigoda hakitoki tena mkononi, juzi amekaa nacho kwenye kikao cha vikoba.