Naomba ushauri: washiriki wa utafiti wangu kuhusu mahusiano ndani ya timu wameanza kukwepa maswali

Msaka Tasnifu
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili hapa Dar es Salaam, na tasnifu yangu inachunguza namna mahusiano ndani ya timu ya kazi yanavyojengeka na kubadilika kadiri muda unavyokwenda. Timu ni ya watu 14 wanaopokea simu za wateja, walioajiriwa pamoja, nami kila mwezi huwapa dodoso lilelile: ni nani unayemwomba msaada kazi inapokukwama, na ni nani usiyependa kupangwa naye zamu moja. Awamu mbili za mwanzo walijibu wote bila kinyongo, lakini katika awamu ya tatu nusu yao wameliacha swali la pili wazi. Je, niendelee na takwimu pungufu, au nibadilishe maswali?

Mwalimu Mstaafu
Mwanangu, usishangae. Mwanasaikolojia Bruce Tuckman alieleza mwaka 1965 kwamba kikundi huanza kwa kufahamiana, kikavutana, kikakubaliana taratibu, ndipo kikafanya kazi. Mwaka 1977 yeye na Mary Ann Jensen wakaongeza hatua ya kuagana. Timu yako imefika kwenye kuvutana. Kwaya yetu ya kigango ilipoletewa kinanda, sauti ya tatu na ya nne hawakusalimiana hadi Pasaka, na leo wanaozeshana watoto.

Binti Takwimu
Mwalimu, shikamoo. Kwa heshima zote, makala ile ya Tuckman haikutokana na kuitazama timu yoyote ikifanya kazi. Ilikuwa mapitio ya maandiko takriban 50, mengi yakihusu vikundi vya tiba ya kisaikolojia. Connie Gersick, aliyevifuatilia vikundi vinane na kuchapisha matokeo mwaka 1988, hakuziona ngazi hizo: kila kikundi kilishika mwenendo wake mapema, kikakaa nao hadi karibu na nusu ya muda kiliopewa, kisha kikageuka kwa ghafla.
Msaka Tasnifu, usibadilishe maswali, kwa sababu ukibadili kipimo katikati hutajua kama kilichobadilika ni mahusiano au ni swali lenyewe. Ila nijibu hili: majibu hayo yana majina, na ni nani mwingine anayeyaona?

Msaka Tasnifu
Majina ni lazima, dada, kwani bila hayo siwezi kuunganisha jibu la mwezi huu na la mwezi uliopita. Hata Theodore Newcomb, alipowafuatilia wanafunzi 17 waliokaa nyumba moja Michigan na kuwataka kila wiki wapange wenzao kwa kadiri wanavyowapenda, alijua nani amesema nini. Nimeyageuza majina kuwa herufi, na majibu nayaona mimi peke yangu.

Winga wa Zamani
Katika timu yetu ya mtaa, asiyependwa alijulikana bila dodoso: alikimbia dakika 90 na jezi ikarudi safi.

Mkaguzi wa Nje
Tuache jezi. Watu saba hawanyamazi kwa pamoja bila sababu. Ni nini kilichotokea kati ya awamu ya pili na ya tatu?

Msaka Tasnifu
Meneja aliyenipa kibali aliomba kuona mchoro wa mahusiano, yaani ule wa mishale inayoonyesha nani alimtaja nani, nami nikampelekea wenye herufi tu, si dodoso zenyewe. Baadaye watu wawili hawakuongezewa mikataba. Sioni nilipokiuka jambo, kwa kuwa fomu ya idhini ilisema matokeo yataisaidia taasisi. Isitoshe, nami niko pale kwa mkataba wa muda, hivyo kumkatalia kusingekuwa rahisi. Awamu ya nne nimekwisha kumwahidi.

Mkaguzi wa Nje
Hapa naanza kushuku kwamba kisa hiki ni cha kutungwa. Kwanza majibu uliyaona peke yako, sasa meneja ana mchoro. Pia ulisema wote 14 waliajiriwa pamoja. Iweje mikataba ya wawili tu ifike mwisho? Ama unatunga, ama meneja ni wewe mwenyewe, unatafuta namna ya kuwalazimisha watu wajibu.

Mwalimu Mstaafu
Hata mimi nimeanza kuona kwamba huyu anatupima.

Msaka Tasnifu
Situngi, wakuu. Mikataba yote ilifika mwisho siku moja, ikaongezwa 12.

Binti Takwimu
Basi umejibu zaidi ya ulivyoulizwa. Katika watu 14 herufi hazimfichi mtu: meneja anajua nani ni mzoefu na nani anafuatwa na wote, akishamtambua mmoja anawafuata wengine kwa mishale. Hao wawili walikaa wapi kwenye mchoro?

Msaka Tasnifu
Mmoja hakuwa na mshale wowote wa kuombwa msaada. Wa pili ndiye aliyetajwa zaidi katika swali la zamu.

Binti Takwimu
Usipeleke awamu ya nne. Mwandikie msimamizi wako na kamati ya maadili usiku huu, uwaeleze kama ulivyotueleza sisi, na washiriki waambiwe kwamba mchoro ulitoka na kwamba wanaweza kujitoa.

Msaka Tasnifu
Nitaandika, dada. Lakini mchoro wa awamu ya tatu tayari anao, nao unaonyesha wazi ni akina nani walioliacha swali la pili bila kulijibu.