RNA ndogo za E. coli hazionekani kwenye sikwensi, vimejaa vipande vya tRNA

Swali
Habari wakuu. RNA ya E. coli imetolewa kwa fenoli, bakteria wakiwa kwenye LB (mchuzi wa kukuzia bakteria), ukuaji wa kasi. Laibrari (vipande vilivyoandaliwa kwa mashine ya sikwensi) imetengenezwa kwa kiti (seti ya vitendanishi) ya microRNA, jeli ikakatwa bp (jozi za besi) 140–160. Vipande vya tRNA na rRNA vimetawala. RyhB na GcvB, RNA ndogo mbili ninazozitafuta, hakuna kabisa. Tatizo ni RNA au laibrari?

Jibu 1
Laibrari, mkuu. Kiti hizo zinalenga microRNA zilizokatwa na kimeng'enya Dicer, zenye monofosfeti (fosfeti moja) upande wa 5′, yaani mwanzo wa RNA. RNA ndogo nyingi za bakteria hubaki na trifosfeti (fosfeti tatu) ya mwanzo wa unukuzi, na ligasi (kimeng'enya cha kuunga) haiziungi na adapta, vipande vifupi vinavyohitajika na mashine ya sikwensi. Vinavyopita ni vile vilivyokwisha kukatwa, tRNA zikiwa mbele maana RNase P, kimeng'enya kinachozikata, huziachia monofosfeti.

Baada ya DNase I (kimeng'enya cha kuondoa DNA), tibu RNA kwa RppH, kimeng'enya kinachogeuza trifosfeti kuwa monofosfeti, 37 °C, dakika 30 hadi 60. Isafishe ndipo uunge adapta. Ukitumia safu ya silika, ile ya kawaida hupoteza RNA za chini ya nt (nyukliotidi) 200. Tumia inayokubali RNA fupi na ufuate kipimo chake cha ethanoli.

Jibu 2
Hata RppH haitakuokoa ukikata jeli hapo. Adapta pekee ni kama bp 120. RyhB ina nt 90, kwa hiyo iko karibu na 210. GcvB, nt 205, iko karibu na 325. Zote zimebaki kwenye jeli uliyotupa! Kata 150–450, na kaa mbali na mstari wa 120: hizo ni adapta zilizoungana zenyewe, na kwa kuwa ni fupi zitameza nafasi kwenye mashine.

Muulizaji
Asanteni. Nikitumia RppH, nitajuaje ipi ilianza na trifosfeti?

Jibu 1
Gawa sampuli mbili kabla ya RppH. Moja itibu kwa eksonukliazi inayokula RNA zenye monofosfeti ya 5′, nyingine iache, kisha zote zipate RppH. Kinachoongezeka upande uliotibiwa ndicho mwanzo halisi. ArcZ (RNA ndogo nyingine) iliyokatwa na kimeng'enya RNase E, kwa mfano, itapungua.

Jibu 3
RyhB usiitarajie kwenye LB: chuma kikitosha, protini Fur huizima. Weka 2,2′-dipyridyl, inayofunga chuma, 200 µM, dakika 15, kabla ya kuvuna. GcvB ingepaswa kuwepo tayari, kwa hiyo itumie kupimia laibrari mpya. Halafu thibitisha kwa Northern (kipimo cha kuona RNA mahususi baada ya kuitenganisha kwenye jeli).