Eti "Mama, kwani unasoma Kijerumani?" Ndani ya maktaba ya Melk, mbele ya msafara mzima!

Wanajamvi, nimeingia hotelini Vienna sasa hivi, viatu sijavua, na mikono bado inatetemeka kwa hasira. Jina la kiongozi wa msafara silitaji, kwa kuwa kila aliyewahi kusafiri na msafara wake anamjua yule bwana wa mwavuli wa kijani, anayetembea kana kwamba anafukuzwa na nyuki.

Nimefundisha miaka 31, na kwa miaka 19 kati ya hiyo nilishika funguo za maktaba ya shule. Nimetumia kiinua mgongo changu ili niione abasia ya Melk hapa Austria, nyumba ya wale watawa Wabenedikto waliopewa ngome juu ya mto Danube mwaka 1089, ambayo Jakob Prandtauer alianza kuijenga upya kwa mtindo wa Baroko mwaka 1702. Vyumba vya makumbusho tulivipita mbio, Ukumbi wa Marumaru tukauvuka kama watu wanaowahi kivuko cha Kigamboni, nami nikanyamaza, maana nilichokifuata kilikuwa mbele. Ndipo tukaingia maktabani: vitabu vimepanda ukutani, migongo yake ya ngozi imenakshiwa dhahabu, na juu darini ni mchoro wa Paul Troger, Imani katika umbo la mwanamke, amezungukwa na makundi manne ya malaika. Sijamaliza hata kundi la pili, mwavuli ukanigusa begani. "Mama, kwani unasoma Kijerumani? Twende, basi linasubiri."

Watu wakacheka. Mwavuli, begani! Abasia ina vitabu vipatavyo 100,000, nasi tulipewa dakika sita, na katika hizo, dakika nne tulikuwa tukihesabiwa kama mbuzi mnadani. Kanisani sikumbuki nilichokiona. Kisha tukakaa saa mbili na nusu katika duka la glasi. Kwani unasoma Kijerumani! Mimi!

Mkwezi wa Pangani: Shikamoo, Mwalimu, na pole sana. Mwavuli huohuo ulinichoma mbavuni mwaka jana, nikiwa nimesimama mbele ya chemchemi ya Neptuni pale kasri la Schönbrunn, Vienna.

Kobe Mwendo: Mwalimu, nilikuwa ndani ya basi hilo. Dari lile lipo tangu miaka ya 1730 na halihami, lakini sisi wazee wenzako tulikungoja mpaka miguu ikavimba, kwa hiyo usitulaumu kwa kucheka.

Mwalimu Mstaafu: Sikumlaumu aliyecheka. Ninasema kwamba mtu mzima haguswi kwa mwavuli akiwa anatazama malaika, wala haulizwi mbele za watu kama anasoma Kijerumani.

Bint Kisosora: Nyinyi mnalilia dari, sisi tulilia fedha. Yeye ndiye aliyetutoza euro 10 kila mmoja kuingia bustani za Schönbrunn, na tulipofika langoni tukawaona wenyeji wanaingia na mbwa zao wakikimbia mazoezi, wala hakuna aliyewadai hata senti.

Mkwezi wa Pangani: Bustani kuu haina kiingilio! Huenda ilikuwa ada ya kupanda juu ya Gloriette, lile jengo la mwaka 1775 lililo kilimani.

Bint Kisosora: Gloriette tuliiona kwa mbali kama tunavyouona mwezi. Alisema mlima ni mkali na muda umekwisha.

Kobe Mwendo: Basi itakuwa ni ya ule mzingo wa vichochoro vya miti, ambao kweli una tiketi yake.

Bint Kisosora: Hatukuingia humo pia. Tulikuwa watu 38, kwa hiyo ni euro 380 zilizoingia mfukoni mwake, na mkewe anauza keki kwenye kituo cha mapumziko.

Mwalimu Mstaafu: Naomba turudi kwenye suala la maktaba.

Bint Kisosora: Tutarudi, Mwalimu, ila tujibu kwanza: wewe naye ulitoa hiyo euro 10 ya bustani?

Mwalimu Mstaafu: Nilitoa jana asubuhi, tena bila stakabadhi.